Mwalimu na Ukuta Wake wa Chupa

Mpaka leo mtu akiniuliza Mwalimu alikuwa mtu wa namna gani, natoa majibu mawili yanayogombana, na yote mawili nayaamini. Nitasema alikuwa mkweli kupita kiasi, kisha nitakumbuka mambo mengine na kunyamaza. Nitasema alikuwa mkali, halafu nitamwona akilini mwangu amekaa barazani kwake anamwambia mbuzi wa jirani, "Karibu mwanangu, kwenu hawajambo?" Watu wa Maganzo, mji wetu wa machimbo ya almasi, walimwita Mwalimu tu, hata wachimbaji ambao hawakuwahi kukanyaga darasa lake. Mimi na pacha wangu Kulwa alitufundisha Jiografia sekondari. Alipostaafu akajenga nyumba karibu na kwa mama yetu, kwa hiyo nilimjua miaka mingi, na miaka yote hiyo haikunisaidia kumwelewa.

Nianze na jiwe, maana bila jiwe hakuna Mwalimu. Lilikuwa na ukubwa wa kiazi kitamu kilichonona, rangi ya kijani, na ndani ya kijani hicho mlikuwa na punje nyekundu zilizokolea. Alilileta darasani kwenye kikapu cha ukili, chini ya madaftari yetu, na kabla ya kusema neno alimpitishia kila mmoja. Ilibidi ulipokee kwa viganja vyote viwili. Uzito wake ulikushtua, kwa sababu jicho lilitegemea jiwe la kawaida na mkono ulipokea kitu kingine.

"Umeusikia?" aliuliza. "Huo ni uzito wa kubanwa."

Alitueleza kwamba kijani kile hakizaliwi huku juu. Huzaliwa chini kabisa, mahali ambapo miamba hubanwa mpaka inasahau ilivyokuwa, inageuka rangi na tabia. Jina lake la kitabuni ni omfasiti, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akasema waliolipa jina hilo walikuwa wanafikiria zabibu mbichi. Darasa zima tukatazamana, kwa sababu zabibu tuliyoijua sisi ilikuwa kavu na ilikaa kwenye pilau ya sikukuu. Kulwa akanyoosha mkono akaomba mfano mwingine. Mwalimu akafikiri, akasema, "Basi, mlenda." Tangu siku hiyo jiwe lile tukaliita Mlenda, naye akajifanya hasikii.

Sisi watoto wa Maganzo tulikuwa na swali moja tu, na alilijua kabla hatujaliuliza. Almasi je? Kila mtu kwetu anajua kwamba ukikuta kijani na chekundu pamoja kwenye changarawe, moyo unaanza kwenda mbio, kwa sababu mawe hayo na almasi yaliletwa juu na mlipuko uleule wa zamani. Mwalimu alikubali hivyo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko Baba Yetu: "Kijani ni alama ya barabara, siyo alama ya abiria. Kinakwambia gari lilipita hapa likitoka chini. Almasi alikuwemo au hakuwemo, hakikwambii."

Kuhusu alikolipata jiwe lenyewe, sijui na sitajua. Mimi nakumbuka alituambia alipewa na mwanamume aliyetaka kumwoa. Kulwa, aliyekaa dawati moja nami, anakumbuka alituambia aliliokota kilimani Iringa akiwa mwanachuo. Wa madarasa ya mbele yetu wanaapa kwamba lilitoka kwenye shimo kubwa la almasi, kwamba aliliomba kwa mtu aliyefanya kazi huko. Nilipomuuliza ukubwani lipi ni la kweli, alinijibu, "Wewe ulishika lipi mkononi? Basi hilohilo."

Mwanamke huyu ndiye aliyekuwa hasamehi uwongo. Fimbo hakutumia. Ukidanganya, hata kama ni uwongo mdogo wa kwamba daftari limeliwa na ndama, alikusimamisha mbele, akakuwekea Mlenda viganjani, akasema, "Rudia." Ulirudia maneno yako huku mikono inaanza kutetemeka. "Rudia." Ulirudia. Kufikia mara ya tatu ndama anakuwa hakuwepo, daftari limesahaulika nyumbani, na yeye anasema, "Kumbe unajua." Nimeona vijana wakubwa wenye ndevu wakikiri mambo ambayo hakuna aliyewauliza. Neno hilo, rudia, alilitumia hata kanisani, maana alikuwa akiimba sauti ya nne pamoja na wanaume, na mpiga kinanda alimwogopa.

Dhahabu aliidharau. Alisema inaokotwa na kila mwenye koleo na kwamba imewaharibia vijana wetu akili, wanakwenda Bulyanhulu na Masumbwe wakiwa na meno yote na kurudi na mapengo. Maneno hayo aliyasema huku hereni zake za dhahabu zikicheza masikioni. Sikuwahi kumwona bila hereni hizo, hata akiwa anafua. Mama yangu alimtania siku moja, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mwalimu, mayu, mbona unatukana kilicho sikioni mwako?" Akajibu kwamba ndiyo maana amekiweka karibu, kisikie vizuri.

Halafu kuna habari ya mvua. Kwetu mvua ikinyesha usiku, asubuhi utawaona watu wakitembea wameinama, wazee kwa watoto, wanatazama udongo uliooshwa kama kuna kinachong'aa. Mwalimu alitucheka sana kwa jambo hilo. Alisema hii ni nchi ambayo watu wake wametazama chini mpaka shingo zimesahau kazi yake, na kwamba mwanafunzi wake yeyote atakayemkuta anadonoa barabarani na kuku atamwekea Mlenda kichwani. Sasa niambieni kwa nini, alipostaafu tu, nilianza kumkuta asubuhi za mvua naye ameinama vilevile, tena ameinama kuliko wote, uso karibu unagusa tope. Nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu, umepoteza nini?" Akainuka haraka. "Marahaba. Nani huyo?" "Doto." "Sijapoteza kitu. Natazama njia." Nilicheka njia nzima mpaka stendi, nikiamini kwamba hata yeye tamaa ilikuwa imemshinda.

Kuna mengine niliyoyacheka. Chai yake ilikuwa na chumvi siku nyingine, nasi wageni tulikunywa kwa adabu, tukidhani ndivyo wanavyokunywa kwao. Aligombana na fundi cherehani kwamba amemshonea gauni kwa uzi wa rangi tofauti, na gauni lilikuwa sawa kabisa. Nilisema ni uzee na ukorofi.

Wachimbaji walianza kumletea mawe yao mara tu alipohamia pale. Nani asingemletea? Alikuwa mtu mwenye kitabu na jiwe la mfano, na alikuwa hachukui chochote. Walikuja wamefungia vijiwe vya kijani kwenye pembe za leso, wameviviringisha kwenye nailoni, wengine wameviweka mdomoni kwa usalama. Na ukweli ni kwamba wengi walileta chupa. Maganzo ina vigae vingi vya chupa za bia kuliko majani, na kigae kikisuguliwa na mchanga miaka mingi kinakuwa cha mviringo na kupendeza. Mwalimu alikiinua kijiwe juani, akakizungusha, akasema neno moja, "Chupa," akakitupa kwenye ndoo. Kijana aliondoka amenywea. Baada ya muda neno hilo likawa la mtaani. Mtu akipigwa chini na mchumba wanamuuliza, "Umeambiwa chupa?"

Ndoo zilipojaa, Mwalimu alimwita fundi ajenge ukuta na kuzipanga chupa zile juu yake kwenye saruji, kama watu wanavyofanya kuzuia wezi. Ukuta ukapendeza. Jua la jioni lilipoupiga uling'aa kijani kuanzia kona hadi geti. Lakini kila nilipopita nilishangaa, kwa sababu katikati ya vigae vyenye makali mlikuwa na vijiwe butu, vya mviringo, ambavyo mwizi angevikalia bila kuumia. Nilisema fundi amemwibia mama wa watu. Nikamwambia Mwalimu. Akasema, "Wezi wa siku hizi hata kuruka hawajui."

Sasa nifike kwenye shimo.

Mama yetu anaishi kwenye nyumba ambayo matofali yake aliyafyatua mwenyewe na baba, akibeba maji kichwani akiwa na mimba yetu mapacha wawili. Baba alikufa, nyumba ikabaki. Mimi nilihamia Shinyanga mjini kuendesha bajaji. Kulwa alikuwa amezunguka kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Bulyanhulu, akarudi nyumbani kupumzika, akaona choo cha mama kimetitia. Akasema, "Mama, nakuchimbia choo kipya, hiki kitakumeza." Akaanza kuchimba nyuma ya nyumba, karibu kabisa na ukuta wa chumba cha mama, maana kiwanja ni kidogo. Alipozama zaidi ya kimo chake, koleo likaleta changarawe. Kulwa hakuweza kuiona changarawe akaiacha. Aliichekecha, akaiosha kwenye karai, akakuta punje za kijani.

Nilipigiwa simu, nikaja. Nilimkuta ameshaacha habari ya choo. Alikuwa anapima kwa hatua kutoka shimoni kuingia uani, na mstari wake wote ulipita chini ya nyumba.

"Doto, tabaka linaelekea huku," aliniambia. "Inabidi nyumba ishuke. Nitamjengea mama nyingine, ya vigae, yenye choo ndani. Naapa."

"Na usipopata?"

"Hii ni kijani, Doto! Umesahau Mlenda?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha, hakuinua kichwa. Alisema, "Mwalimu aitwe. Akisema ni yenyewe, nahama leo hii, nalala hata kwa jirani. Akisema siyo, mwanangu, usiiguse nyumba yangu." Kulwa akakubali kwa furaha, kwa sababu hakuwa na wasiwasi wowote. Nami nilikubali. Nani kati yetu angempinga Mwalimu?

Alikuja amevaa viatu vya kanisani. Kulwa alimmwagia punje zile kwenye sinia. Nilitegemea atazitenga, atazitazama kwa lenzi aliyokuwa akiitumia darasani. Hakufanya hivyo. Alichukua chache, akaziinua juani, akazisugua vidoleni, akaweka moja ulimini, kisha, na hili lilinishangaza, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Nikaona mkono wake unatetemeka kama mikono yetu ilivyotetemeka zamani mbele ya darasa.

"Chupa," alisema.

"Mwalimu," Kulwa alisema, "chupa gani inakaa chini ya kimo cha mtu?"

"Hapa zamani palikuwa na kilabu cha pombe. Walevi huzika chupa zao."

"Mwalimu, tazama vizuri, tafadhali. Nakuomba."

"Nimesema chupa, Kulwa."

Mama akapiga vigelegele. Alisimama, mchicha ukamwagika chini, akapiga vigelegele vya harusi, akazunguka uwanja mzima, akaigusa pembe ya nyumba yake kwa kiganja. Nilicheka. Kulwa hakumtazama Mwalimu tena, alimtazama mama. Nilimwona usoni kwamba kitu kimemkatika, lakini sikukielewa kwa wakati ule. Alitupa koleo shimoni, akaingia ndani, na kesho yake asubuhi akapanda pikipiki kwenda Masumbwe.

Hajarudi tangu siku hiyo. Dada yetu aliolewa, hakuja. Mama aliugua, alituma dawa na hakuja. Mimi hunipigia, tunacheka, tunazungumza mpira, lakini nikisema, "Subiri, ongea na mama," mtandao unakatika. Nilimuuliza siku moja kama bado ana hasira na Mwalimu. Akasema, "Mwalimu alisema alichokiona. Lakini mama alishangilia, Doto. Mimi nimeshindwa, yeye anashangilia." Nilimweleza kwamba mama alikuwa anaishangilia nyumba yake, hakuwa anamcheka yeye. Akasema anajua. Mambo mengine mtu huyajua na yasimsaidie.

Mama naye alikataa mtu mwingine yeyote kugusa lile shimo. Nilileta vijana wakimalizie choo, akawafukuza na ufagio. "Shimo ni la Kulwa," alisema, akalifunika bati. Kwa hiyo kila siku, asubuhi na alasiri, mama yangu mzima hubeba kopo lake la maji na kwenda chooni kwa Mwalimu. Hupita chini ya ukuta wa chupa, hupiga hodi, hupokelewa, huzungumza kidogo na kurudi. Ukitaka kujua jinsi mama anavyomsubiri mwanawe, tazama hilo kopo.

Mimi kwa upande wangu niliitafuna hadithi hii mpaka ikaniumiza meno. Kuna wakati niliamini kwamba Mwalimu alidanganya kwa makusudi ili kuinusuru nyumba, kwamba mama alimfuata kwake jana yake wakapanga. Nikampenda kwa hilo. Kisha nikakumbuka kwamba uwongo ule ndio uliomfukuza Kulwa, nikamchukia. Halafu nikasema, huyu hadanganyi, kwa hiyo kweli ilikuwa chupa, na Kulwa ni kichwa maji tu. Halafu nikaukumbuka ule mkono unaotetemeka, nikarudi mwanzo. Nilikuwa nikimbeba abiria kwenye bajaji, nafikiria Mwalimu, napitiliza kituo chake. Damu ni nzito kuliko maji, lakini sikujua kwa ajili ya damu hiyo nimlaumu nani.

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinaishia, Mwalimu alinipigia simu mwenyewe. Alisema kesho anatakiwa hospitali Shinyanga, kufanyiwa upasuaji wa macho, na kwamba anataka nimpeleke mimi, bajaji za wengine zinaruka. Akaongeza, "Lakini njoo leo alasiri. Nina swali."

Nilimkuta barazani. Mlenda alikuwa pembeni yake, amekandamiza kitambaa cha meza kisipeperuke. Nilimwamkia, akaitikia huku akinitazama bega badala ya uso, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nadhani kilikuwa mbele yangu miaka yote. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, yote mawili.

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Wa siku nyingi. Alianza hata sijastaafu. Mwishoni nilikuwa nasahihisha madaftari yenu kwa kumwita mtoto mmoja anisomee. Mkafikiri nawapa zoezi la kusoma."

"Kwa nini hukusema, Mwalimu?"

"Niseme nini? Kwamba Mwalimu wa mawe haoni mawe?" Alicheka bila furaha. "Jiwe kubwa nalijua kwa mkono. Punje ndogo, Doto, chupa na jiwe ni kitu kimoja mkononi. Wanaleta, wanasubiri. Wengi ni chupa kweli. Nikawa nasema chupa."

Nilitazama ukuta wake. Jua lilikuwa limeanza kuushika. Nadhani aliisikia shingo yangu ikigeuka.

"Ndiyo," alisema. "Kwa hiyo kesho wanamwondoa huyu mtoto wa jicho. Halafu wanifungue bandeji, nirudi hapa, niuone ukuta huu mwenyewe. Siwezi. Nataka niambiwe kwanza."

Akaingiza mkono mfukoni mwa gauni akatoa kikopo cha mafuta ya nywele. Alikifungua, akanimwagia kiganjani punje chache za kijani. Alisema ni zile za shimoni kwa mama yangu. Siku ile aliondoka nazo kwenye ngumi na hakuzitia ndooni na za wengine. Kila Jumapili aliomba asamehewe, na kila Jumapili alishindwa kujua anasamehewa kitu gani, maana huenda alisema kweli.

"Wewe una macho. Ni nini? Chupa au jiwe?"

Sikuhitaji kutazama mara mbili. Mojawapo ya punje zile ilikuwa na kipande chekundu kimeshikana na kijani, havitengani, Mlenda mdogo wa kutosha kuingia kwenye jino bovu. Hakuna bia duniani iliyowahi kuja kwenye chupa ya namna hiyo. Nilimtazama kikongwe yule, hereni zake, viganja vyake alivyovifungua magotini kama anayesubiri kuwekewa kitu. Nilimwonea huruma.

"Chupa, Mwalimu," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. "Hilo ni jibu la jirani. Asante. Mimi nimemuuliza mwanafunzi wangu." Akachukua Mlenda kwa mikono miwili, akanipa. Nikapokea. Ulikuwa uleule uzito. "Rudia."

Mtu mzima mwenye watoto, nilitetemeka. "Ni jiwe, Mwalimu. La kijani. Na jekundu limeshikana nalo."

Chozi lilimtoka kwenye jicho moja, akalifuta na kona ya kanga bila haraka. Kisha akasema, "Mpigie ndugu yako."

Nilimwambia tungoje kwanza, apone. Nilimwambia Kulwa akisikia atakuja na koleo, mama atalala wapi? Akaniambia kwamba hilo ni la Kulwa na mama yake, yeye lake ni kusema. Basi nikapiga, nikaweka sauti ya nje, nikashika simu katikati yetu. Nyuma ya sauti ya Kulwa karasha lilikuwa linasaga mawe.

"Kulwa, mwanangu. Mimi ni Mwalimu wako."

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Umesimama au umekaa?"

"Nimesimama."

"Kaa." Akangoja. "Zile punje za shimoni kwenu. Nilisema chupa. Siyo chupa, ni mawe yenyewe. Sikuwa naona, nikaona aibu kusema sioni. Nimekukosea, mwanangu."

Karasha lilisaga. Nilidhani mtandao umekatika kama kawaida yake, nikatazama kioo, dakika zilikuwa zinakwenda.

"Mama yuko wapi?" Kulwa aliuliza.

"Yuko kwake," nilijibu mimi.

"Kwenye nyumba ileile?"

"Ileile."

Akakohoa. "Huku nimeona nyumba nyingi zikiangushwa ili lichimbwe duara, Doto. Wanachimba, hamna kitu. Wenye nyumba sasa wanapanga chumba na wajukuu." Akaita. "Mwalimu."

"Naam."

"Basi iwe chupa."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Rudia," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililisikia neno hilo likiombwa.

"Iwe chupa, Mwalimu. Doto, choo kile alikimalizia nani?"

"Hakuna. Mama kakataa. Anakwenda kwa Mwalimu na kopo."

"Miaka yote hii?"

Wakati huohuo geti lililia. Mama aliingia, kopo mkononi, kanga ya pili mabegani, na kama kawaida akasalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, hodi hapa." Akaniona, akashangaa, akaona simu imeshikwa katikati kama mtoto wa kubatizwa.

"Nani huyo kwenye simu?" aliuliza.

"Ni Kulwa," Mwalimu alisema. "Anauliza choo chako."

"Mwambieni asilifukie shimo," sauti ya Kulwa ilisema. "Nakuja kulimalizia. Jumamosi nipo hapo."

Mama alipeleka mkono mdomoni, na vigelegele vikaanza kumtoka, kimoja, kifupi. Kisha akakumbuka vile vya siku ile ya shimo. Nilimwona akikumbuka. Akajiziba mdomo kwa kiganja, akabaki amesimama hapo na kopo lake, macho yamemtoka, anaogopa hata kupumua. Mimi na Mwalimu hatukusogea. Karasha la Masumbwe lilikuwa limezimwa, au Kulwa alikuwa ametoka mbali nalo, maana sasa tulisikia hata pumzi zake.

"Mama," alisema. "Piga tu."

Mama akaweka kopo chini, akapiga.